Deni la daktari wa meno anayesomeshwa na jeshi la Marekani

KIJANA anayehitimu udaktari wa meno nchini Marekani huondoka chuoni na vitu viwili: shahada na deni. Katika miaka ya hivi karibuni, wastani wa deni hilo miongoni mwa waliokopa umekaribia dola 300,000. Ndiyo sababu kila mwaka baadhi ya wanafunzi huamua kusomeshwa na jeshi, wakijua kwamba watalipa kwa miaka ya utumishi badala ya pesa.

Mpango huo wa ufadhili ulitokana na sheria ya mwaka wa 1972. Majeshi ya nchi kavu, wanamaji na wanahewa humlipia mwanafunzi karo yote na vitabu, na kumpa posho ya kila mwezi inayozidi dola 2,000. Kila mwaka wa ufadhili hulipwa kwa mwaka mmoja wa kazi, na aghalabu muda huo hauwi chini ya miaka 3. Aliyefadhiliwa miaka yote 4 ya chuo huwa na deni la miaka 4. Kwenye karatasi hesabu hii ni nyepesi. Ugumu wake hudhihirika baadaye, kwa kuwa si kila mwaka anaouishi daktari ndani ya sare huhesabiwa kuwa mwaka wa kulipa.

Baada ya kuhitimu, daktari huingia jeshini akiwa afisa, bila kupitia vyeo vya chini. Katika jeshi la nchi kavu na la wanahewa huanza na cheo cha kapteni. Katika jeshi la wanamaji huitwa luteni, lakini luteni huyo ana ngazi na mshahara sawa na kapteni wa nchi kavu. Kabla ya kugusa mgonjwa, hufunzwa uafisa: wa nchi kavu huko Fort Sam Houston, Texas, wanamaji mjini Newport, Rhode Island, na wanahewa katika kambi ya Maxwell, Alabama. Kikosi cha Marine hakina madaktari wake, hivyo meno ya askari hao hutunzwa na madaktari wa wanamaji.

Uamuzi mzito wa kwanza huja mapema mno, pengine hata kabla ya shahada kutolewa. Je, daktari aende moja kwa moja kwenye kliniki ya kambi, au aombe mwaka mmoja wa mafunzo ya juu ya udaktari wa jumla? Mwaka huo humpa mikono yenye uzoefu chini ya macho ya mabingwa: kung'oa magego yaliyokwama, kutibu mizizi ya meno, kutengeneza meno bandia. Hata hivyo, kwa kawaida haupunguzi deni la masomo.

Anayetaka ubingwa wa upasuaji wa kinywa na taya hukabiliwa na miaka 4 au zaidi ya mafunzo. Mabingwa wa ufizi, wa mizizi ya meno, wa meno bandia na wa kunyoosha meno yaliyopinda husoma kwa muda mfupi zaidi. Baadhi yao husomea katika chuo cha wanamaji kilichoko Bethesda, Maryland. Mafunzo hayo marefu nayo huzaa deni lake. Kwa hivyo daktari aliyeingia akiwazia miaka 4 anaweza kujikuta amefikisha 10 kabla ya kuwa huru kuondoka. Wengi hawalalamiki, kwani katika vyuo vya kiraia mafunzo kama hayo mara nyingi hulipiwa karo, ilhali jeshini mwanafunzi hulipwa mshahara kamili wa afisa.

Kazi ya kila siku huongozwa na swali moja: je, askari huyu anaweza kutumwa vitani? Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani katika karne ya 19, askari alihitaji meno ya mbele ili kurarua karatasi iliyofunga baruti na risasi. Siku hizi hofu ni jipu la jino kumpata askari mahali pasipo na kliniki. Kila askari hupimwa walau mara moja kwa mwaka na kuwekwa katika mojawapo ya makundi 4. Walio katika makundi mawili ya kwanza huruhusiwa kusafiri. Kundi la tatu ni la wale ambao meno yao yanatarajiwa kuleta dharura katika muda wa miezi 12, na la nne ni la wasiopimwa kwa wakati. Daktari mdogo huenda akatumia miezi mingi akiwaondoa watu katika makundi haya mawili, kazi isiyo na sifa nyingi lakini ambayo makamanda huifuatilia kwa karibu.

Kuhusu vituo, daktari huulizwa anapenda kwenda wapi, kisha mahitaji ya jeshi huamua. Anaweza kupelekwa Ujerumani, Korea Kusini, Italia au kisiwa cha Okinawa nchini Japan. Wanamaji huweza kupangiwa meli kubwa za kubeba ndege za kivita, ambazo zina kliniki ya meno ndani. Wale wa nchi kavu huweza kufuatana na brigedi na kutibu ndani ya hema kwa vifaa vinavyobebeka. Majeruhi wanapozidi, daktari wa meno husaidia kuwapanga kulingana na uzito wa majeraha yao.

Umbali ambao jukumu hilo linaweza kumfikisha mtu ulidhihirika katika kisiwa cha Saipan mnamo Julai 7, 1944. Kapteni Ben Salomon, daktari wa meno, alikuwa amejitolea kushika nafasi ya daktari wa kikosi aliyejeruhiwa. Wajapani walipovamia hema la majeruhi, aliwaamuru wenzake waondoke, akabaki nyuma na bunduki ya rashasha. Maiti yake ilipatikana ikiwa na miili 98 ya maadui mbele yake. Pendekezo la kumtunuku lilikwama kwa hoja kwamba tabibu haruhusiwi kushika silaha dhidi ya adui. Nishani ya juu kabisa ya taifa lake ilitolewa mwaka wa 2002, miaka 58 baadaye.

Anayebaki jeshini hufika njia panda kwenye cheo cha meja au luteni kanali. Anaweza kuendelea kutibu na kufundisha, kufanya utafiti, au kutambua maiti kwa kutumia meno. Anaweza pia kusimamia kliniki, na huko makaratasi humwondoa polepole kwenye kiti cha mgonjwa.

Anayetimiza miaka 20 hustahili pensheni, asilimia 50 ya mshahara wa msingi katika mfumo wa zamani. Kwa waliojiunga kuanzia 2018 ni asilimia 40, pamoja na akiba ambayo serikali huichangia. Miaka ya chuo haihesabiwi.

Kwa Wakenya wanaoishi Marekani, kikwazo kikuu ni uraia. Mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, lakini si kama afisa. Mpango maalumu ulioanza 2009 uliwafungulia mlango baadhi ya wageni, wakiwemo wataalamu wa afya na wazungumzaji wa lugha fulani, Kiswahili miongoni mwao, ila ulisitishwa mwaka wa 2016. Aidha, aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kawaida hulazimika kurudi darasani kwa miaka 2 au 3 katika chuo cha Marekani kilichoidhinishwa, ndipo apate leseni.