Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Jasusi, Mzimu na Mtambo katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika darasa la Kidato cha Tatu hapa Isiolo, nilimkuta mwanafunzi ameinamia Chozi la Heri kwa bidii isiyokuwa ya kawaida. Riwaya hiyo ndiyo iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo. Nilipoikaribia dawati yake niligundua kuwa ndani ya Chozi la Heri mlikuwa na kitabu kingine, kidogo, kisicho na jalada, kurasa zake zimepakwa mafuta ya mandazi. Kilikuwa Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Nilikinyakua kama ilivyo desturi yetu walimu. Usiku huo nilikisoma hadi taa ikazimika.

Nilipomrudishia kesho yake aliniuliza swali: "Mwalimu, Willy Gamba angetumwa Isiolo, angemfuata nani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo lina uzito zaidi ya maswali mengi niliyowahi kuyatunga. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa kupitia historia ya riwaya ya upelelezi na ya kijasusi katika Kiswahili, na jinsi inavyozitazama siasa, imani na teknolojia. Wahakiki wengi wameiweka riwaya hii katika kapu la fasihi pendwa na kuiacha humo. Nitadai kwamba kosa hilo linatupotezea wasomaji, na linawapotezea watahiniwa wetu nyenzo muhimu ya kuelewa dhihaka.

Tufafanue istilahi kwanza. Kazi inayoikejeli jamii ili kuirekebisha baadhi ya wahakiki huiita tashtiti. Mtahiniwa asiichanganye na tashtiti ya fani ya lugha, yaani swali linaloulizwa ilhali jibu lake linajulikana. Katika makala haya nitatumia kejeli na dhihaka ili tusipotezane njiani.

Mzimu na kiko

Mwanzo wetu uko Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na ukachapishwa mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Msomaji wa Sherlock Holmes atatambua mara moja ukoo wao. Hata hivyo, Abdulla hakuhamisha London kuileta Unguja. Maiti ya Bwana Ali inapatikana penye mzimu, mahali ambapo watu wanatambika na wanapahofu. Kila mtu yuko tayari kuamini kwamba mzimu umeua, isipokuwa Bwana Msa, anayeuliza: nani anafaidika tukiamini hivyo?

Hapa ndipo kejeli ya Abdulla ilipo. Haidhihaki imani ya watu. Anayedhihakiwa ni mjanja anayejificha nyuma ya imani hiyo. Katika Kisima cha Giningi (1968) anarudi kwenye uwanja huo huo wa uchawi na hofu. Mwanafunzi anayeandika kwamba Abdulla anapinga dini hajasoma kwa makini. Anayedai kuwa Abdulla anapinga matumizi mabaya ya hofu yuko karibu zaidi na ukweli. Teknolojia ya Bwana Msa nayo ni duni: ni macho, masikio na kiko. Akili ndiyo mtambo wake.

Dar es Salaam, mji wa majasusi

Kutoka Bwana Msa hadi Willy Gamba ni hatua kubwa, na hatua hiyo ni ya kisiasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Mei 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam. Vyama vya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini vikafungua ofisi huko. Panapo wapigania uhuru hapakosi wanaowanyemelea. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa kifurushi kilichokuwa na bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Machi 1975 Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka kwa bomu lililotegwa katika gari lake. Sisi tunaoishi kwa vitabu tukikumbuke kile cha Mondlane: kitabu kinaweza kuwa silaha kwa maana isiyokuwa ya kitamathali hata kidogo.

Hali hiyo ndiyo iliyomzaa Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona (1974) Musiba anasimulia wizi wa nyaraka za siri za wapigania uhuru, na msako unamfikisha Gamba Nairobi. Mwaka huo huo utawala wa kiimla wa Ureno ulianguka Lisbon. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) uwanja ni Kinshasa na adui ni vibaraka wa Makaburu. Njama ilifuata mwaka 1981. Bastola, magari ya kasi, hoteli kubwa na wanawake warembo vyote vimo, na wahakiki hawakukosea waliposema kwamba James Bond amepita hapo. Lakini Bond hutumikia dola iliyowahi kutawala wengine, naye Gamba anawatetea waliotawaliwa. Musiba amelichukua gari la mkoloni na kuligeuza lielekee upande mwingine. Huo ni ujanja wa kifasihi, na mtahiniwa anaweza kuutolea hoja nzima chini ya dhamira ya ukombozi.

Kasoro nayo ipo, tusiifiche. Gamba ni mhusika bapa. Hashuku wakuu wake wala haulizi iwapo serikali inayomtuma ina madoa. Adui hutoka nje daima. Akiwa Mwafrika, basi amenunuliwa. Methali yetu kwamba kikulacho ki nguoni mwako inaguswa juu juu tu.

Ben R. Mtobwa anasogeza mambo mbele. Joram Kiango wake ni mpelelezi wa kujitegemea, asiyeajiriwa na serikali, na kwa hiyo ana nafasi ya kucheka. Katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987) yeye na mwenzake Nuru wanaingia Afrika Kusini kuikabili silaha ya siri ya Makaburu. Mtambo sasa umekuwa mhusika: sayansi iliyokosa utu inaweza kuteketeza bara. Mtazame pia majina ya vitabu vyake: Salamu kutoka Kuzimu, Malaika wa Shetani, Roho ya Paka. Mtobwa anaazima msamiati wa dini na imani na kuupachika kwenye uhalifu wa kisasa. Kinaya cha jina kama Malaika wa Shetani hakihitaji maelezo marefu darasani. Mwulize mwanafunzi ni wapi amewahi kumwona malaika wa aina hiyo, nawe ujitayarishe kusikiliza.

Jasusi wa Kenya alizungumza Kiingereza

Je, Kenya? Hapa historia inakuwa chungu. Jasusi mashuhuri wa Kenya katika riwaya ni Benni Kamba 009 wa David Maillu, katika The Equatorial Assignment (1980) na Operation DXT (1986). Nambari yenyewe ni dhihaka ya 007. Kamba hufanyia kazi shirika la kijasusi la bara zima, na vitimbi vyake vinawakejeli watawala wa Afrika na tamaa ya mataifa makubwa. Lakini Kamba alizungumza Kiingereza. Katika Kiswahili hatukupata Willy Gamba wa kwetu mwenye umaarufu wa kulingana naye. Kwa nini?

Jibu langu ni hili. Tanzania ya miaka ya 1970 mwandishi wa Kiswahili na jasusi walikuwa upande mmoja, kwa sababu wote walimtazama mkoloni wa kusini. Kenya, mwandishi wa Kiswahili ndiye aliyekuwa akifuatwa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Katama Mkangi, mhadhiri na mwandishi wa Mafuta (1984), aliwekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya. Mtu ambaye faili lake limo mikononi mwa mpelelezi hawezi kumfanya mpelelezi huyo shujaa wake.

Mkangi alichofanya ni kuigeuza hadithi ya kijasusi ndani-nje. Katika Walenisi (1995) shujaa si mpelelezi. Ni Dzombo, aliyehukumiwa kifo na dola. Mtambo wa kisasa kabisa, chombo cha kwenda angani, ndio kitanzi alichoandaliwa. Dzombo anakimudu chombo hicho na kufika Walenisi, sayari yenye jamii iliyojipanga kwa haki. Jina lenyewe ukilitamka polepole linajifumbua: wale ni sisi. Teknolojia iliyokusudiwa kuua inakuwa njia ya kuona. Hiyo ndiyo kejeli kali zaidi ya mtambo wa dola niijuayo katika riwaya yetu, na imeandikwa na mtu aliyeonja kizuizi.

Baada yake K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) anamhamisha adui tena. Sasa ni P.P., asiyeshikika, bwana wa kijiji cha utandawazi. Msimulizi anamsaka ulimwengu mzima kama mpelelezi, lakini hana bastola wala mkuu wa kumpigia simu. Taharuki ya riwaya ya upelelezi imebaki. Uhakika wake ndio uliotoweka.

Isiolo na swali la mwanafunzi

Sasa tulirudie swali. Katika mji huu ujasusi haujawahi kuwa hadithi ya kubuni. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, kiongozi wa utawala hapa Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido, miezi kabla ya uhuru. Desemba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Kanuni za 1966 zilizihusu wilaya jirani pia, Isiolo na Marsabit zikiwemo, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuhakikiwa uraia, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho. Wazee wengi hapa wakiulizwa kuhusu miaka hiyo hupunguza sauti kwanza, kisha huangalia mlango.

Nililigeuza swali la yule kijana kuwa zoezi la insha kwa darasa zima. Wengi waliandika kuhusu wezi wa mifugo na wauza bunduki, na magari yaliruka mito. Insha moja ilinikalisha kitako. Humo Willy Gamba anafika kwenye kizuizi cha barabarani, anaulizwa kitambulisho, kisha cha baba yake, kisha cha babu yake. Anasema yuko katika kazi ya serikali. Askari anamjibu kwamba kila mtu husema hivyo. Hadithi inaishia hapo, Gamba bado amekaa juu ya jiwe akisubiri. Nilimpa alama nyingi kuliko nilizowahi kutoa muhula huo. Aliyeiandika hakuwa amefunzwa kejeli kwa ufafanuzi wa kamusi. Aliipata kwa kusoma Musiba chini ya dawati na kwa kuishi Isiolo.

Hitimisho

Riwaya ya kijasusi ya Kiswahili imepitia maswali matatu. Abdulla aliuliza nani anajificha nyuma ya mzimu. Musiba na Mtobwa waliuliza nani ametutumia adui. Mkangi na Wamitila wanauliza iwapo adui si mtambo tuliojijengea wenyewe. Kila swali linalizaa lile linalofuata, na yote matatu yanaweza kufundishwa bila kuathiri maandalizi ya mtihani. Mwanafunzi aliyezoea kumtilia shaka kila mhusika katika riwaya ya upelelezi hatashindwa kuona unafiki wa kiongozi katika Kigogo au Mstahiki Meya. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukikikuta kitabu kisicho na jalada ndani ya kitabu teule, kinyakue ukipenda. Ila kisome kabla ya kukirudisha, na usisahau kukirudisha.

Maswali ya kudurusu

1. "Jasusi ni kioo cha dola inayomtuma." Jadili kauli hii kwa kurejelea Willy Gamba na Joram Kiango.
2. Linganisha nafasi ya imani katika Mzimu wa Watu wa Kale na nafasi ya teknolojia katika Walenisi.
3. Tunga kisa kitakachodhihirisha maana ya methali: Kikulacho ki nguoni mwako. Mhusika mkuu awe mpelelezi katika mji unaoufahamu.