Meli Zilizomeza Treni

Rafiki yangu wa Kitale ana ndoto moja: alale ndani ya gari, feri impeleke kisiwani usiku kucha. Nikamwambia boss, Kisumu tulibeba treni. Tangu miaka ya 1960, MV Umoja na MV Uhuru zimetandikwa reli ndani. Meli inaegeshwa kinyumenyume, reli ya nchi kavu inaungana na ya melini, mabehewa yanasukumwa humo na mizigo yake, kisha safari ya Port Bell au Mwanza.

Zamani hata abiria walipitia hapo. Reli ilifika Kisumu 1901. Aliyekwenda Uganda alishuka garimoshi, akapanda stima (meli, si ya kuwasha taa). Kitale walipata tawi lao 1926. Halafu 1931 reli ikafika Kampala kupitia kwetu Bungoma, na msafiri wa Uganda hakuhitaji tena ziwa. Bahati yetu ilikuwa hasara ya Kisumu, ingawa shuleni sikuambiwa hivyo.

Babu yangu alipanda treni hiyo kwenda kumwona dadake Tororo. Juzi nilimpeleka yule rafiki stesheni ya Bungoma. Akauliza ya abiria inapita saa ngapi.