Dampo Huhama, Gesi Hubaki

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilifikisha Jiji la Dar es Salaam mahakamani. Dampo lililokuwa katikati ya makazi yao lilifuka moshi usiku na mchana, na inzi hawakuwapa nafasi ya kula. Mahakama iliamuru umwagaji ukomeshwe. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Mahakama Kuu iliposema basi, ikitaja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Ule ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi wa kawaida. Hata hivyo, kilichohama ni malori. Taka zikaelekea Vingunguti, kisha Mtoni, wilayani Temeke, kando ya Mto Kizinga, halafu Pugu Kinyamwezi. Kila zilikoachwa ziliendelea kuoza chini kwa chini na kutoa methani.

Gesi hii ndiyo inayowatisha wachimbaji wa makaa ya mawe. Ndani ya makaa imenaswa tangu zama za kale, na hutoka mwamba unapokatwa na shinikizo kushuka. Ya dampo huzaliwa upya, na vijidudu vinavyokula mabaki mahali pasipofika hewa. Kwa hiyo anayetaka kuikadiria hupiga hesabu ya umri: taka gani zilimwagwa, lini, na zinaoza kwa kasi gani.

Kasi hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kwa viwango vya mwongozo wa 2006 wa jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, mabaki ya chakula katika nchi za baridi na unyevu huchukua karibu miaka minne kupungua nusu. Kwenye joto na mvua kama zetu, haifiki miaka miwili. Maganda ya ndizi yaliyofukiwa leo, baada ya miaka sita yamebakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya gesi yake.

Mtoni ndiko hesabu hiyo ilikogeuzwa mradi. Kampuni ya Kiitaliano, Consorzio Stabile Globus, ilishirikiana na Jiji kuvuna gesi na kuichoma, kwa lengo la kuzalisha umeme baadaye. Mwaka 2007 mradi ulisajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, wa kwanza wa aina yake Tanzania. Wazo lilikuwa zuri. Ila dampo la nchi ya joto likishaacha kupokea taka, gesi yake hupungua haraka, na kila mwaka unaopita kwenye makaratasi ni gesi iliyokwisha kwenda angani.

Ndiyo maana natazama Mabwepande kwa matumaini zaidi. Huko Manispaa ya Kinondoni, ikisaidiwa na jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji cha kupokea tani 50 kwa siku za taka za masokoni. Rundo hugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite, na vijidudu vya methani havistahimili hewa.