Ngoma zetu zitakuwa zilizopendwa za nani?

Desemba iliyopita tulikuwa na harusi kwetu. Ilipofika saa tatu usiku DJ akaweka ngoma ambayo wakati huo ilikuwa inachezwa kila mahali. Sisi vijana tukaruka. Wazee wakakaa na soda zao wakituangalia vile mtu huangalia mvua akingoja ipite. Baadaye DJ akabadilisha, akaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Manze! Lile gitaa liliposikika tu, shosho aliyekuwa analalamikia magoti tangu asubuhi akasimama. Maanko wakavua makoti. Hata watoto wa darasa la pili wakaingia katikati, na sijui nani aliwafundisha.

Anko wangu mmoja, mdogo wake mathe, akaja kwenye meza yetu akihema. Akasema, "Mnaona sasa? Huo ndio muziki. Hizi zenu, mwaka ujao hata nyinyi wenyewe mtakuwa mmezisahau."

Tukacheka. Binamu yangu naye akacheka, halafu akatoka nje na akakaa huko muda mrefu.

Wacha niwaambie ni kwa nini. Mwaka 2019, wakati gengetone ilikuwa imeshika mtaa, binamu yangu na marafiki zake wawili walirekodi ngoma kwenye chumba kimoja chenye blanketi ukutani. Haikufika Ulaya, lakini kwa miezi kama minne ilichezwa kwenye matatu za kwetu. Makanga walikuwa wanamwita kwa jina lake la usanii na hawamtozi nauli. Alikuwa seleb wa ruti moja. Sasa, chaneli ya YouTube ilikuwa imefunguliwa na jamaa aliyewarekodi. Wakakosana kwa sababu ya pesa, jamaa akaifuta chaneli yote. Binamu yangu hakuwa na kopi, hata kwenye simu. Kwa hivyo anko aliposema mwaka ujao tutakuwa tumesahau, alikuwa anamwambia mtu ambaye yake ilikuwa tayari imepotea.

Nimekaa na hilo swali tangu siku hio. Anko ana haki? Ngoma zetu na maseleb wetu watabaki, au ni moshi?

Nianze na anko mwenyewe, ju hesabu yake ina shida. Les Wanyika walianza Nairobi mwaka 1978, na "Sina Makosa" ikavuma mwishoni mwa miaka hio ya 1970. Anko amezaliwa 1974. Ngoma ikivuma, yeye alikuwa hata hajajua kufunga kamba za viatu. Si ya ujana wake. Aliirithi. Nikamuuliza, wewe ukiwa na miaka 16 ulikuwa unasikiza nini? Akanyamaza kidogo, halafu akakubali kwa aibu: MC Hammer, pamoja na ile suruali pana. Guka alimwambia hizo ni kelele. Ndiyo, maneno yale yale.

Na hio si familia yetu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Ogopa DJs walikuwa wanatoa hit baada ya hit, kuna watu waliokuwa wakisema hio si muziki, ni mdundo mtupu. Jina "kapuka" lenyewe lilitumiwa kwa kejeli na waliojiona wanasikiza hip hop ya ukweli. Leo hao hao, wakiwa na miaka arobaini, wakisikia hizo ngoma kwenye redio wanaongeza sauti na kutuambia sisi hatujui muziki.

Halafu kuna jambo lingine ambalo wazee husahau. Nenda Kenyatta Market, kule Nairobi, kwa yule anayeuza santuri za zamani. Utakuta rundo juu ya rundo. Pekua pole pole. Nyingi ni za bendi ambazo wewe hujawahi kuzisikia, na anko hajawahi pia. Zilirekodiwa, zikachezwa, zikaisha. Miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na ngoma nzuri pekee. Ilikuwa na takataka zake kama sisi, tofauti ni kuwa takataka zao zimeshachujwa na zetu bado. Neno lenyewe "zilizopendwa" linakuambia: tunaita hivyo zile zilizopendwa tu. Zisizopendwa hatuna hata jina la kuziita.

Kwa hivyo swali la maana ni hili: ni kitu gani huifanya ngoma moja ivuke na nyingine izame? Nimeangalia zile zilizovuka, na jibu langu ni kwamba ngoma hubaki ikipata kazi. Namaanisha kazi katika maisha ya watu, kitu ambacho watu wanahitaji kufanya na hawawezi kukifanya vizuri bila hio ngoma.

Chukua "Malaika". Fadhili William aliirekodi Nairobi karibu mwaka 1960. Tangu hapo imeimbwa na Miriam Makeba, ikawekwa kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya 1965, ikaimbwa na Boney M mwaka 1981, na Angélique Kidjo baadaye. Lakini huku kwetu haikubaki kwa sababu ya hao wakubwa. Ilibaki kwa sababu ya harusi. Na ukisikiza vizuri utacheka, kwa maana ni wimbo wa mwanaume ambaye anataka kuoa na hana pesa. Bado, kila mwaka kuna bwana harusi aliyelipa ukumbi na keki ya ngazi tano anayeuweka. Watu walihitaji wimbo wa kumwambia mtu nakupenda kwa Kiswahili safi mbele ya wazazi bila aibu, na huo ukachukua kazi. Nyashinski alipotoa "Malaika" yake mwaka 2017, wimbo tofauti kabisa, nao ukaelekea kule kule, kwenye harusi. Kazi ilikuwa bado ipo, na mfanyakazi mwingine akaandikwa.

Au chukua "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ya 2002. Neno hilo halikuwepo kwenye kamusi yoyote. Ni Kijaluo cha "kutisha" kilichovalishwa kofia na viatu vya Kiingereza: mtu asiyetishika. Mwaka huo nchi ilikuwa inataka kumaliza miaka 24 ya Moi, NARC wakaichukua kwenye kampeni, na Desemba 30 Kibaki akaapishwa. Mimi sikuwa na akili wakati huo, lakini neno ninalo. Ukimwambia mtu wa rika langu kuwa wewe ni unbwogable, haulizi maana yake.

Sasa maseleb. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Jiulize: ungemjua Fadhili William kwa sura akikaa karibu nawe kwenye matatu? Alifariki mwaka 2001. Wimbo wake unajulikana dunia nzima, lakini sura yake nadhani wengi wetu hatuwezi kuitambua. Daudi Kabaka naye alifariki mwaka huo huo. "Helule Helule" yake ilichukuliwa na Waingereza, The Tremeloes, mwaka 1968, ikaingia kwenye ishirini bora za kwao. Ni wangapi wetu tunajua hilo? Kumbe jina ndilo hutangulia kufa, wimbo unafuata nyuma pole pole, na mara nyingine haufi kabisa. Kwa hivyo wale wanaojulikana kwa kiki tu, wakiachana na kurudiana ndio tuwaongelee, wale ambao hata shabiki wao hawezi kutaja kitu walichotengeneza, sioni wakifika popote. Si kwa ubaya. Hawajaacha kitu ambacho mtu anaweza kukiazima akitaka kulia au kucheza.

Mfano wa kinyume ni E-Sir. Alifariki Machi 2003 kwenye ajali ya barabarani, akiwa na miaka 21. Fikiria, 21! Wengi wenu mnaosoma hapa mko na miaka hio au mnakaribia. Aliacha albamu moja, "Nimefika". Hakuwa na TikTok wala namba za kuonyesha watu. Lakini leo ukiweka "Boomba Train" kwenye bash ya watu waliozaliwa baada ya yeye kuzikwa, wanajua.

Kwa nini? Kwanza alikuwa mkali, sikatai. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza na bado kina utani. Lakini pia kuna gurudumu hapa. Waliokuwa na miaka 15 mwaka 2003 ndio sasa wanaoshika maiki kwenye redio, ndio wanaoamua ngoma ya tangazo, ndio wanaolipa DJ wa harusi. Ukiwa na miaka 15 huna pesa, lakini una moyo ulio wazi, na chochote kinachoingia hapo hakitoki. Miaka ishirini baadaye unapata pesa na unaanza kuwachezea watu wengine moyo wako. Ndivyo zilizopendwa zinavyotengenezwa. Hesabu ikiwa hivyo, gengetone haijafeli mtihani. Haijafanya. Mtihani wake uko karibu 2040, wakati waliopiga kelele za "Wamlambez" ya Sailors wakiwa kidato cha pili watakuwa ndio mabosi. Na itakuwa na kazi, nawaambia. Mwaka 2019 ukirusha ule mwito mahali penye watu, lazima ungejibiwa. Ngoma inayofanya watu wasiojuana wajibizane haipotei rahisi. Wazazi watakaokuwa wakiicheza 2040 watalazimika kueleza watoto maana yake, na hapo sitaki kuwepo.

Lakini gurudumu lina sharti moja, na ndilo linanifanya niandike hii yote. Likizunguka likafika kwako, lazima ngoma iwe bado ipo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Zanzibar akasafiri hadi Bombay kurekodi. Alifariki 1950. Leo, karibu miaka mia baadaye, unaweza kusikia sauti yake, kwa sababu iliwekwa kwenye santuri, na santuri zikauzwa, na watu kwenye nyumba tofauti wakazihifadhi. Moja ikivunjika kwa Fatuma, nyingine iko kwa Mwanaisha. Hata "Malaika" ambayo watu wamegombania utunzi wake miaka mingi, wengine wakisema ni ya Adam Salim wa Tanzania, wengine wakisema ni ya Fadhili, angalau sauti ipo ya kugombaniwa.

Sisi je? Ngoma zetu nyingi ziko mahali pamoja, nyuma ya nywila moja, ambayo mara nyingi hata si ya mwimbaji. Anko anaogopa kuwa ngoma zetu ni mbaya. Mimi hilo halininyimi usingizi, mbaya zitachujwa kama zilivyochujwa za kwao. Ninachoogopa ni kuwa nzuri nazo zitaenda, kwa sababu watu wawili walikosana au mtu alipoteza simu. Tutafika 2040, tutakuwa na pesa ya kulipa DJ, tutamwambia "tuwekee ile ya 2019", na atatafuta asiione.

Baada ya harusi nilianza kuuliza uliza. Nikampata makanga wa zamani wa ile ruti yetu, siku hizi anauza matunda steji. Akaniambia ile matatu iliuzwa lakini flash za muziki alibaki nazo, ziko kwenye kopo la Kimbo kwake. Jumamosi moja tukakaa na laptop yangu tukizifungua moja moja. Ya tatu ilikuwa nayo. Sauti imekwaruza, na DJ wa mixi anapiga kelele jina lake juu ya ubeti wa pili wote. Lakini ni yenyewe.

Nilimpigia binamu nikamchezea kwa simu. Hakusema kitu mpaka ikaisha. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa naimba haraka hivyo?" Sasa tumeiweka mahali patatu tofauti, na tumeandika majina yao wote watatu, mwaka, na nani alitunga ubeti gani, kabla hawajasahau na kuanza kugombana.

Sijui kama itapendwa. Ni ngoma ya vijana watatu kuhusu nauli na msichana wa steji. Lakini itakuwepo siku ya kuulizwa.

Kwa hivyo kama una flash ya zamani, memori kadi ya simu iliyokufa, au CD uliyonunua kwa mtu barabarani, usitupe kabla hujaangalia ndani. Na kama wewe ni msanii unayeanza, kabla hujaniuliza vile utapata watazamaji, nijibu mimi kwanza: kopi yako iko wapi, na nani mwingine anayo?