Zilikuwa Meli za Shehena: Manowari Ndogo za Kubeba Ndege na Kuchelewa Kwake Kufika Bahari ya Hindi

Abiria wa matatu kutoka Njiru akishukia karibu na City Stadium huwa amebakisha hatua chache afike soko la Burma. Wengi wetu tunapita hapo tukiwaza bei ya nyama. Na hata tunapoikumbuka vita iliyolipa soko hilo jina lake, hadithi huanzia msituni: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, mvua ya 1944, malaria na Wajapani. Ni nadra kuulizwa vijana hao walifikaje huko. Walipanda meli Kilindini wakaelekea Colombo, na maji waliyovuka yalikuwa uwanja wa vita kabla hawajaiona Burma. Ninachodai ni kwamba chombo kilichohitajika zaidi kuwalinda njiani, yaani manowari ndogo ya kubeba ndege iliyotengenezwa kusindikiza misafara, kilikuwepo duniani, kilikuwa kikiundwa kwa makumi, na kililetwa katika bahari yetu kwa uchache na kwa kuchelewa, kwa sababu wapangaji wa vita waliihesabu njia ya Mombasa kuwa ya mwisho kwenye foleni.

Kwanza tuzijue meli zenyewe. Mwaka 1942 na 1943 viwanda vya Marekani, hasa kile cha Tacoma katika jimbo la Washington na kile cha Pascagoula katika jimbo la Mississippi, vilichukua maumbo ya meli za kawaida za mizigo vikayamalizia kwa namna nyingine, kama fundi wa bodi wa Eastlands anavyochukua chesi ya lori akaivika bodi ya matatu. Palipokuwa pa kuweka winchi na milango ya ngama pakatandazwa sitaha ndefu ya mbao juu ya chuma. Chini yake kukawa na banda la ndege, na lifti mbili za kuzipandisha. Propela ilibaki moja tu, na mwendo haukuzidi sana kilomita 33 kwa saa, wakati manowari kubwa za ndege zilikaribia kilomita 55. Kila moja ilichukua ndege kama 20. Waingereza walikopeshwa 34 za ukoo huu, wakazigawa katika madaraja mawili: Attacker, zilizokuwa 11, na Ruler, 23, ambazo nyingi zilipewa majina ya vyeo vya watawala kama Shah, Begum, Ameer na Khedive. Kwamba zilikuwa meli za biashara hadi kwenye mifupa lilionekana baada ya vita. Shah iliuzwa ikawa meli ya abiria ya Argentina, Salta, na ndiyo iliyowahi kufika usiku wa Desemba 1963 meli ya Lakonia ilipokuwa ikiungua karibu na Madeira, ikaokoa mamia ya watu.

Kazi ya meli hizi vitani inaeleweka ukikumbuka nyambizi za wakati ule zilivyokuwa. Hazikuwa vyombo vya kuishi chini ya maji. Zilikuwa meli za juu zenye uwezo wa kujificha kwa saa kadhaa. Zikizama zilikwenda polepole kuliko karibu meli yoyote, betri zikaisha, na ilibidi ziibuke kuzichaji na kukimbilia mbele ya msafara ili ziuvizie. Ndege moja inayozunguka juu ya msafara huinyima nyambizi nafasi hiyo hata bila kudondosha bomu. Faida ya manowari ndogo ni kwamba iliubeba uwanja wa ndege pamoja na msafara, mbali na pwani yoyote. Katika Atlantiki jambo hili lilithibitika mwaka 1943, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Aprili 1942, na kuizamisha manowari ya ndege Hermes, Admirali James Somerville wa Uingereza alihamishia sehemu kubwa ya kikosi chake Kilindini. Mombasa ikawa makao ya kikosi cha mashariki, na Nairobi ikapata karakana ya ndege za jeshi la majini, iliyoandikishwa kwa desturi yao kana kwamba ni meli: HMS Korongo. Katikati ya 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Kuanzia 1943 zikaongezeka za Kijerumani, zikifanya kazi hata kutoka Penang. Karakana ya ndege za majini tulikuwa nayo. Meli ya kuzipeleka ndege hizo pamoja na misafara, hapana. Manowari ndogo ya kwanza kuletwa kwa kazi hii ilikuwa Battler, nayo ilifika baada ya kutumika kwanza Salerno, Italia, Septemba 1943, pamoja na dada zake watatu, kuwafunika askari waliokuwa wakishuka ufukweni.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara KR 8 uliondoka Kilindini ukiwa na meli tano za kubeba askari. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, meli iliyozinduliwa 1922 kwa safari za Chile na baadaye kununuliwa na kampuni ya Misri. Ndani yake walikuwemo watu 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Ulinzi ulikuwa kruza kuukuu, Hawkins, na manowari mbili za kuwinda nyambizi, Petard na Paladin. Manowari ya ndege haikuwepo. Alasiri ya Februari 12, karibu na Maldivi, wakati abiria wengi wakiwa ukumbini kwenye burudani ya muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido mbili. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha likaja jambo ambalo hakuna kamanda angelitamani: nyambizi ilijificha chini ya maji yaliyojaa manusura, na Petard ikalazimika kudondosha mabomu yake hapo hapo. I-27 iliangamizwa. Waliokufa kwa jumla walikuwa 1,297, na wengi wao ni vijana wa mizinga kutoka nchi zetu.

Mwanahistoria makini atanizuia hapa. Atasema manowari ndogo isingekuwa dawa, kwani I-27 ilishambulia ikiwa imezama, na ndege haioni kila kitu kilicho chini ya maji. Ni kweli, na sidai kwamba Khedive Ismail ingepona kwa hakika. Nadai tu kwamba nyambizi ile ilihitaji kufika mbele ya msafara na kungoja, na ndege za doria ndizo hulifanya hilo kuwa gumu. Atasema pia kwamba kulikuwa na ndege za Catalina zilizoruka kutoka kambi za pwani, na siku ileile ya Februari 12, mbali kusini, meli ya mafuta ya Kijerumani Charlotte Schliemann iliangamizwa baada ya Catalina kutoka Mauritius kuiona na kuiita manowari Relentless. Sawa. Lakini huo ulikuwa uwindaji wa meli moja ambayo habari za siri zilikuwa zimeonyesha ilipo. Kuusindikiza msafara siku baada ya siku ni kazi nyingine, na Catalina ililazimika kurudi kwenye kambi yake. Mwezi mmoja baadaye, Machi 12, ilikuwa zamu ya Battler: ndege zake za Swordfish, za mabawa mawili na zilizokwisha pitwa na wakati, ziliiona meli ya mafuta Brake kusini-mashariki mwa Mauritius ikiwa na nyambizi, na manowari Roebuck ikaimaliza. Nyambizi zilizotegemea mafuta yake zilibaki na kazi ya kutafuta njia ya kurudi.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Agosti 1944, kwa sababu unahusu maji yetu na aina ileile ya adui. Nyambizi ya Kijerumani U-198 ilikuwa imezamisha meli za Empire City na Empire Day mwanzoni mwa mwezi huo, mashariki mwa pwani ya Msumbiji na Tanganyika. Safari hii Shah na Begum zilikuwepo, zikiongoza kundi la uwindaji. Tarehe 10 ndege ya Shah iliikuta U-198. Tarehe 12, kaskazini-magharibi mwa Seychelles, manowari Findhorn ya Uingereza na Godavari ya jeshi la majini la India ziliizamisha pamoja na watu wake wote 66. Habari za redio zilielekeza kundi kwenye eneo, hilo halina ubishi, lakini eneo la bahari si mahali. Kilichobadilisha eneo kuwa mahali ni macho ya rubani. Ni miezi sita kamili baada ya Khedive Ismail.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la Atlantiki. Uingereza ingekufa njaa, wasema wengi, kama manowari hizi zisingewekwa huko kwanza, na bila Uingereza kusingekuwa na vita vya Burma vya kupigana. Nakubali kuhusu 1942 na nusu ya kwanza ya 1943. Sikubali kwamba hoja hiyo inafunika muda wote. Kufikia mwishoni mwa 1943 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zimerudishwa nyuma katika Atlantiki, na meli zenyewe hazikuwa adimu tena. Nyingi zilizokabidhiwa kwa Waingereza zilikaa miezi bandarini zikifanyiwa marekebisho, jambo lililowaudhi hata Wamarekani waliozitoa. Kulikuwa na sababu: Machi 1943 Dasher, manowari ndogo ya daraja la awali, ililipuka katika mlango mpana wa mto Clyde, Scotland, ikaua watu 379, na mifumo ya mafuta ya ndege ikatazamwa upya. Hata hivyo sababu nzuri ya kuchelewesha meli moja si sababu ya kuamua ni bahari gani ingoje. Salerno haikungoja. Mombasa iliyokuwa ikipakia maelfu ya askari kuelekea mashariki ndiyo iliyongoja, na hilo lilikuwa chaguo la watu mezani, si amri ya bahari.

Wapo watakaouliza tunashughulika nini na mipango ya wakoloni na vyuma vyao. Lakini shehena ya meli zile tano za KR 8 ilikuwa watu, na hesabu ya nani alindwe kwanza ilifanywa juu ya miili yao. Kumbukumbu ya Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, inaitaja Khedive Ismail. Vitabu vya historia ya majeshi ya majini huitaja pia, lakini kwa kawaida katika sura ya nyambizi ya Kijapani na ujasiri wa Petard. Sura ya mgao wa manowari ndogo huandikwa mbali na hiyo, kwa kurasa nyingi za Atlantiki na chache za Bahari ya Hindi, na msomaji huachiwa mwenyewe kuziweka tarehe kando kwa kando: Battler Italia mwezi wa Septemba, KR 8 bila ndege mwezi wa Februari, Shah na Begum mwezi wa Agosti.