Jina la Schmidt lilivyoanza

Katika nchi ya Ujerumani watu wengi sana huitwa Schmidt. Jina la Müller tu, maana yake msagaji, ndilo linalolipita. Je, wote hao ni wa ukoo mmoja? Sivyo hata kidogo. Schmidt maana yake ni mhunzi. Zamani karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, mwenye kufua majembe na kuwapigilia farasi vyuma kwatoni. Watu walikuwa na jina moja tu, lile la Ubatizo. Tangu karne ya 12 miji ilipokua, akina Johannes wakazidi, ikabidi kuwapambanua: huyu Johannes mhunzi, yule Johannes msagaji. Baadaye mwana akalirithi jina la baba, hata kama hakushika nyundo maisha yake yote.

Lakini jina hilo haliandikwi namna moja. Kusini wengi huandika Schmid, kandokando ya mto Rhein Schmitt, na pande za Köln Schmitz, ndiyo kusema wa mhunzi. Wasomi wengine walijiita kwa Kilatini: Johann Heigerlin, mwana wa mhunzi wa Leutkirch, alijiita Faber, akawa Askofu wa Vienna mwaka 1530.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaamuru maparoko kuandika ndoa kitabuni. Wabatizwa nao wakaandikwa. Padri aliandika jina kama alivyolisikia. Tusimlaumu: wengi waliosimama mbele yake hawakujua kusoma. Kwa hiyo baba aweza kuonekana Schmid na mwanawe Schmidt. Tangu tarehe 1 Januari 1876 serikali yenyewe iliandika uzazi, ndoa na vifo katika Ujerumani nzima, na herufi za majina zikakazwa.

Mwaka 1933 vitabu vya maparokia vilianza kutafutwa kwa kazi mbaya. Serikali ya Hitler iliwadai watumishi wake waonyeshe kwamba wazazi na babu zao hawakuwa Wayahudi. Watu wakaja kwa mapadri kuomba vyeti vya Ubatizo vya wazee wao. Aliyeonekana kuwa na babu mmoja Myahudi aliweza kufukuzwa kazini, hata kama mwenyewe alikuwa Mkristu tangu utoto. Wala jina halikumsaidia mtu. Hata aliyeitwa Schmidt, jina la Kijerumani kabisa, aliambiwa alete vyeti.