Bora Bora ya Nini, na Mwamba Uko Hapa Mkomani?

Juzi rafiki yangu kanitumia video ya Bora Bora: maji ya buluu, watu na miwani na mirija yao, samaki wa kila rangi. Kaandika, "Siku moja, inshallah." Nikacheka. Sote wawili wazaliwa wa Mkomani, na bahari yetu hapa mbele ni hifadhi tangu 1986. Yeye hajawahi kuchungulia chini. Mimi mwenyewe nimechungulia mwaka jana tu, tena kwa miwani ya kuazima. Aibu, sio?

Haya, historia kidogo. Serikali ilianza na Malindi na Watamu, 1968. Kisite, kule Shimoni, ikafuata miaka ya 1970, halafu ndio Mombasa. Sheria ni moja: ndani ya hifadhi hakuna kuvua, mtu anaingia kutazama tu. Kwa mtalii hiyo ni raha. Kwa mvuvi, mahali ambapo babu yake alitega malema sasa mgeni analipa kiingilio aelee juu yake, na yeye akitega anashikwa.

Mimi nilikuwa upande wa wavuvi, basi. Kisha nikasoma kuwa watafiti walipima hapa hapa Mombasa, wakakuta malema ya karibu na mpaka wa hifadhi yanapata samaki zaidi kuliko ya mbali. Kumbe samaki wanakua ndani, wengine wanatoka nje.

Watu wa visiwa vya Pasifiki walilijua hili kitambo. Kule Palau wazee walikuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa muda, samaki wapumzike. Lakini kule waliofunga ni wenyeji wenyewe. Kwetu amri ilitoka juu, na hapo ndipo chuki ilipoanzia.

Halafu 1998 bahari ikapata joto, matumbawe mengi ya Pwani yakageuka meupe yakafa. Joto halijui mpaka wala askari.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: mwamba tusioujua hatuwezi kuutetea, na wengine wataendelea kutuamulia. Kule Wasini kina mama walijenga njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale, mgeni analipa kupita, pesa inabaki kisiwani. Wao hawakungoja mtu.

Wewe anza na kuangalia. Azima miwani, ngoja maji yapwe, nenda na mtu anayeijua bahari. Ukitoka, niambie kama bado unaota Bora Bora.